Allidina Visram: Mwenye maduka aliyeitangulia reli

KABLA ya reli ya Uganda kufika Kisumu mnamo Desemba 1901, robota la merikani lililouzwa Kampala lilikuwa limetoka pwani juu ya vichwa vya watu, safari ya miezi mitatu. Mpagazi mmoja alichukua mzigo wa kilo 30 hivi. Sharti alipwe, alishwe, na njiani kulikuwa na hongo za kuwapa watawala wa kila nchi iliyopitiwa. Kufikisha tani moja ya bidhaa Uganda kuligharimu zaidi ya pauni 100, na mara nyingi kiasi hicho kilipitwa kwa mbali.

Katika hali kama hiyo waliothubutu kufanya biashara ya bara walikuwa wachache, na bei ilipangwa na yule aliyebahatika kufika. Mmoja wao alikuwa Allidina Visram, Mhindi wa madhehebu ya Ismailia aliyetua katika mwambao wa Afrika Mashariki akiwa mvulana wa miaka 12. Alipofariki mjini Mombasa mwaka wa 1916 alikuwa na maduka zaidi ya 200, yaliyotapakaa kutoka Bahari ya Hindi hadi Mto Nile na mpaka wa Kongo.

Vitabu vya historia humtaja kama tajiri na mfadhili, naye alikuwa yote mawili. Lakini maisha yake yana jambo jingine ambalo wenye maduka wa leo wangelitambua mara moja. Katika muda wa miaka 50 aliishi ndani ya karibu kila aina ya soko: la wachache wenye mtaji, la mnunuzi mmoja asiye na mpinzani, na la wengi wanaomgombea mteja yule yule. Alipokufa, aina nyingine ilikuwa mlangoni, ile ya wanunuzi wanaopatana bei kabla mkulima hajaleta mzigo.

Wakazi wa Busia, Malaba na Nangina, ambao mpaka ndio shamba lao, wana sababu ya pekee ya kukijua kisa hiki. Barabara ya kwanza ya mikokoteni kutoka pwani iliishia kwao. Reli nayo ilikaribia kuishia huko huko.

SHULE YA BAGAMOYO

Visram alizaliwa mwaka wa 1851 katika kijiji cha Kera, nchi ya Kutch, magharibi mwa India. Kutch ni nchi kavu yenye mvua haba, na kwa karne nyingi vijana wake wamekuwa wakiabiri majahazi ya msimu wa kaskazi kuja Zanzibar na miji ya Mrima kutafuta riziki. Yeye aliabiri mwaka wa 1863.

Alipata kazi katika biashara ya ukoo wa Paroo huko Bagamoyo, ukoo uliokuwa wa madhehebu yake. Mwana wa ukoo huo, Sewa Haji, ndiye aliyekuja kuwa bingwa wa kukusanya wapagazi na kuandaa misafara. Henry Morton Stanley alipojiandaa kumtafuta Dkt David Livingstone mwaka wa 1871 alinunua mahitaji kwa Sewa Haji, aliyekuwa bado kijana, na hakufurahishwa hata kidogo na bei aliyotozwa.

Stanley alilalamika, lakini alilipa. Hapo ndipo penye funzo la kwanza ambalo mvulana kutoka Kera aliliona kwa macho yake. Bagamoyo ilijaa wauzaji wa nguo, shanga na masango. Mgeni angedhani kwamba soko lile lina ushindani mkali kupindukia. Hata hivyo, wenye uwezo wa kumpatia msafiri wapagazi mia kadhaa kwa mpigo, pamoja na vitambaa vinavyokubalika katika kila nchi ya njiani, walihesabika kwa vidole.

Sababu ilikuwa mtaji. Msafara wa Tabora na Ujiji ungeweza kukaa bara mwaka mzima au miwili kabla ya kurudi na pembe za ndovu. Muda huo wote fedha zilizotumika zilikuwa zimelala. Mwenye duka mdogo hakuweza kungoja, kwa hivyo aliuza rejareja mjini na kuwaachia wakubwa njia ya bara. Kisiwani Zanzibar hali ilikuwa ya namna hiyo hiyo, ambapo hata ukusanyaji wa ushuru wa forodha wa Sultani ulikodishwa kwa nyumba moja ya biashara, na kwa miaka mingi nyumba hiyo ilikuwa ya Jairam Shivji.

Mnamo 1877 Visram alianza kutuma misafara yake mwenyewe. Kilichomtofautisha na wengi waliomtangulia ni kwamba hakutosheka na msafara unaokwenda na kurudi. Alifungua matawi njiani na mwisho wa njia: Sadani, Dar es Salaam, Tindo, Tabora na Ujiji. Nguo na chumvi ziliwekwa dukani zikauzwa polepole. Pembe, nta na asali zikanunuliwa polepole na kurundikwa ghalani hadi wapagazi wapatikane kwa bei nafuu. Msafara uliofika bila duka ulilazimika kuuza kwa haraka na kununua kwa haraka, na mwenye haraka sokoni ndiye anayeumia.

Miaka iliyofuata iliwapunguza washindani bila Visram kunyanyua kidole. Vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani, mnamo 1888 na 1889, viliivuruga Bagamoyo na Pangani. Charles Stokes, raia wa Ireland aliyekuwa na misafara mikubwa katika njia ya kwenda Uganda, alinyongwa na afisa wa Kibelgiji nchini Kongo mwezi wa Januari 1895. Sewa Haji naye akafariki mwaka wa 1897, baada ya kutoa mali kwa hospitali na shule ambazo jina lake bado linahusishwa nazo Tanzania. Sehemu kubwa ya biashara ya misafara ikaangukia mikononi mwa aliyekuwa karani wa nyumba ya Paroo.

Mtu mwingine angebaki hapo hapo, katika njia aliyoizoea. Visram alitazama kaskazini.

NJIA YA BUSIA

Upande wa Waingereza, Kampuni ya Kifalme ya Afrika Mashariki, iliyopewa hati ya Malkia mwaka wa 1888, ilikuwa imeshindwa. Ilikuwa na haki za kipekee kwenye karatasi, bendera, askari na wakurugenzi wenye majina makubwa jijini London, lakini haikuwa na njia ya kusafirisha mali kwa gharama ambayo biashara ingeweza kuibeba. Ilijiondoa Uganda mwaka wa 1893 na miaka miwili baadaye ikavunjwa. Ukiritimba wa hati, ulipokosa usafiri, haukuzaa hata senti.

Kampuni hiyo iliacha nyuma barabara. Ilianzishwa mwaka wa 1890 kwa jina la Mackinnon, mwanzilishi wa kampuni, kisha ikaendelezwa chini ya Kapteni Sclater wa jeshi la Uingereza. Ilikuwa njia ya mikokoteni ya ng'ombe, na ilitoka pwani ikapanda hadi Busia, umbali wa kilomita karibu 1,000. Mumias, makao ya Nabongo Mumia wa Wanga, ilikuwa kituo kikubwa ambapo misafara ilijaza unga na kupumzika kabla ya kuvuka Mto Sio na kuingia Busoga. Nchi ya Wasamia na Wakhayo ilikuwa mlango wa Uganda miaka mingi kabla ya kuwekwa kizuizi cha forodha.

Ramani ya kwanza ya reli ilifuata mantiki hiyo. Upimaji ulioongozwa na Kapteni Macdonald mwaka wa 1892 uliifikisha njia katika ghuba ya Berkeley, mahali palipoitwa Port Victoria, kusini mwa Nangina. Baadaye wapimaji walipata njia fupi zaidi ya kushuka hadi ghuba ya Winam, na kituo cha mwisho kikahamishiwa Kisumu. Port Victoria ikabaki na jina kubwa na wavuvi wake. Kwa uamuzi huo mmoja, maghala, benki na maduka ambayo yangejengwa katika nchi ya Samia na Bunyala yalijengwa Kisumu.

Visram hakuwa na mji wa kuutetea. Alifungua duka Mombasa mwaka wa 1896, mwaka ule ule reli ilipoanza kutandazwa, na kila kambi ya wajenzi iliposogea, duka lake lilisogea nayo. Zaidi ya vibarua 30,000 waliletwa kutoka India kwa kazi hiyo, na walihitaji mchele, dengu, samli, bizari na tumbaku.

Hapa hakuwa peke yake. Alibhai Mulla Jeevanjee, mfanyabiashara kutoka Karachi, ndiye aliyeshikilia kandarasi kubwa ya serikali ya kuleta vibarua na chakula chao. Visram hakupigana naye katika zabuni. Alijikita katika yale ambayo kandarasi haikuyagusa, yaani rejareja ya kambini na, la muhimu kuliko yote, sarafu. Reli ililipa mishahara kwa rupia, na mwenye duka aliyepokea rupia hizo kila jioni aliweza kuzitoa tena kwa maafisa waliopungukiwa. Mahali ambapo benki ilikuwa moja tu, National Bank of India, nayo ikiwa Mombasa, duka lilifanya kazi ya benki.

MNUNUZI WA PEKEE

Kufikia mwisho wa karne hiyo Visram alikuwa amefika Kampala. Mkataba wa Buganda wa mwaka wa 1900, uliosimamiwa na Kamishna Sir Harry Johnston, uliweka kodi ya rupia tatu kwa kila kibanda. Wananchi wengi hawakuwa na rupia. Walikuwa na simbi, mbuzi, ngozi, ufuta, pilipili na nta, na kwa muda serikali ilipokea kodi kwa vitu hivyo hivyo, hata maghala yake yakafurika mali isiyojua ipelekwe wapi.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo haikufanya kazi Uganda ya mwaka wa 1900. Mazao mema yalikuwepo tele, ila hakukuwa na mtu wa kuyanunua.

Johnston alihitaji mtu atakayegeuza mazao kuwa rupia, na Visram akakubali kuyanunua. Mawakala wake walizagaa Buganda, Busoga, Toro na Bunyoro, na baadaye kaskazini hadi Nimule na Gondokoro kwenye Nile. Mkulima aliuza ufuta kwa duka, akapata rupia, akalipa kodi, na zilizobaki akanunua merikani au chumvi katika duka lile lile. Serikali ilipata kodi yake na Visram akapata faida mara mbili, wakati wa kununua na wakati wa kuuza.

Ni rahisi leo kulitazama jambo hili kwa jicho moja. Wapo waliomwona Visram kuwa mkombozi, kwa maana bila yeye mkulima angeifanyia serikali kazi ya sulubu badala ya kulipa kodi. Wapo pia waliomwona kuwa mnyonyaji. Ukweli ni kwamba mahali palipo na mnunuzi mmoja, mkulima anaweza kuwa amesaidiwa na kupunjwa katika siku hiyo hiyo moja. Bila duka hapati chochote. Na kwa kuwa duka ni moja, anapata kile ambacho mwenye mizani ameamua kumpa. Hakuna aliyeweza kujua bei ya haki ya ufuta mjini Hoima mwaka wa 1902, kwa sababu hapakuwa na mizani ya pili.

Mizani ya pili ilikuja, na ililetwa na treni. Reli ilipofika ziwani, gharama ya usafiri iliporomoka hata ikawa sehemu ndogo tu ya ile ya wapagazi. Kikwazo kilichokuwa kimewazuia wafanyabiashara wadogo tangu enzi za Bagamoyo kikaondoka. Mtu mwenye robota chache za nguo aliweza kupanda treni Mombasa, akashuka Kisumu, akavuka ziwa na kufungua kibanda kando ya soko lolote. Visram mwenyewe aliipigia reli mbio ili aitangulie. Alipoitangulia, ikawafuatisha wengine nyuma yake.

WASHINDANI ALIOWALEA

Wengi wa hao wengine walikuwa vijana wake. Visram aliwaleta kutoka Kutch na Gujarat wafanye kazi ya ukarani na kusimamia matawi, mamia kwa mamia. Baada ya miaka michache karani aliijua lugha, akawajua wateja na machifu, kisha akaomba kujitegemea. Visram hakumzuia. Alimpa mali kwa mkopo, naye akalipa kwa mazao.

Kwa mtazamo wa kawaida huo ulikuwa ujinga, kumfundisha mtu kazi kisha kumpa silaha ya kushindana nawe. Lakini hesabu yake ilikuwa na mantiki. Duka la karani aliyejitegemea lilifika vijijini ambako tawi la kampuni lisingepata faida, na gharama zake zote zilibebwa na karani. Nguo alizouza zilitoka katika ghala la Visram. Pamba, ngozi na ufuta alizonunua zilirudi katika ghala hilo hilo.

Matokeo yake yalikuwa soko lenye sura mbili. Mbele, kwenye kaunta, kulikuwa na ushindani wa kweli. Maduka matatu au manne yalitazamana katika senta moja, yakipunguza senti kwenye kipande cha kaniki, yakitoa bakshishi ya chumvi, yakiita wateja kwa majina. Nyuma ya kaunta, wenye maduka hao wote walikuwa na deni katika daftari moja. Idadi ya maduka haikumwambia mteja lolote kuhusu idadi ya wenye nguvu. Mwenye kukopesha ndiye aliyeamua nani apate mali msimu ujao na nani akose.

Ushindani wa ngazi ya juu ulikuwa wa wachache, na ulitoka kwa makampuni ya Wazungu. Smith Mackenzie walikuwa na meli na wakala zake, Hansing wa Hamburg walikuwa na nguvu Zanzibar na pwani, na kuanzia 1903 Uganda Company, iliyozaliwa na wafadhili wa misheni ya Kianglikana, ilikuwa na baraka za kanisa na serikali. Kampuni hizi zilikuwa na mkopo wa bei nafuu kutoka Ulaya. Hazikuwa na watu walio tayari kulala juu ya magunia katika senta isiyo na daktari wala posta. Kwa miaka kadhaa hilo lilitosha kumweka Visram mbele.

Alijibu ushindani huo kwa kujitanua. Meli za serikali zilipoanza kusafiri ziwani, zikianza na William Mackinnon, aliweka majahazi yake yaliyobeba mizigo kati ya bandari ndogo ambazo meli hazikuzijali. Alianzisha karakana za samani Kampala na Entebbe, viwanda vya soda, vinu vya kukamua mafuta ya ufuta na ya nazi Kisumu na pwani, kiwanda cha mbao karibu na Nyeri, na mashamba ambako alijaribu miwa, mpira, pamba na matunda. Baadhi ya majaribio hayo hayakufika mbali. Ila yote yalikuwa na nia moja, kwamba kile kilichonunuliwa bara kisindikwe karibu na kiuzwe mara ya pili.

PAMBA YAGEUZA MCHEZO

Kilichobadilisha mambo kabisa kilikuwa pamba. Uganda Company iligawa mbegu za Kimarekani kwa machifu wa Buganda kuanzia 1903, na katika miaka michache zao hilo likaipita pembe ya ndovu kwa thamani. Wanunuzi walimiminika. Vijana wa maduka walinunua pamba mbegu kijijini, wakaichambua kwa mashine ndogo za mkono, wakaiuza. Huo ndio uliokuwa wakati wa ushindani huru zaidi katika historia ya zao hilo.

Haukudumu. Pamba iliyofika Lancashire ilikuwa imechanganyika na chafu, na Gavana Hesketh Bell akapitisha sheria ya pamba ya mwaka wa 1908. Mbegu zikadhibitiwa, mashine za mkono zikapigwa marufuku, na uchambuaji ukabaki kwa vinu vikubwa. Ubora ulipanda, hilo halina ubishi. Pamoja na ubora, ulipanda pia mtaji unaohitajika ili mtu aingie katika biashara. Sheria moja ya usafi wa pamba ikawa imewatoa wadogo sokoni kwa namna ambayo hakuna mshindani angeweza.

Visram alikuwa na mtaji, akajenga vinu vya kuchambulia pamba Entebbe na Mombasa. Wengine nao walikuwa wanakuja. Standard Bank ilifungua milango Mombasa na Nairobi mwaka wa 1911, na kuanzia hapo mwenye duka aliyetaka mkopo hakulazimika kubisha hodi kwa Visram. Mwaka wa 1916 kampuni ya Narandas Rajaram ya Bombay iliingia Uganda kununua pamba kwa ajili ya viwanda vya India, ikiwa na fedha nyingi na soko lake tayari.

Katika nchi ya Samia, mpaka ulikuwa umeshachorwa. Tarehe 1 Aprili 1902 Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulihamishiwa himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye iliitwa Kenya, na Wasamia wakajikuta pande mbili. Kwa biashara ya wakati huo jambo hilo halikuwa na uzito mkubwa, kwa kuwa ushuru wa bidhaa za nje ulitozwa Mombasa. Pamba ilipandwa pande zote mbili, na baadaye vinu vya kuchambulia vilijengwa Samia, Nambale na Malakisi. Ila bei, msimu wa kununua na kanuni vilianza kutegemea upande gani wa mto shamba liko, na magunia yakaanza kuvuka usiku kufuata bei iliyo bora. Wakazi wa Busia hawahitaji kuelezwa zaidi.

KIFO CHA MOMBASA

Wakati huo Visram alikuwa mzee mwenye heshima kubwa. Jamii yake ya Ismailia ilimpa cheo cha Varas. Alikuwa miongoni mwa waliofadhili Chama cha Wahindi kilichoanzishwa Mombasa mwaka wa 1900, na mkono wake wa kutoa haukuchagua dini. Wazungu walimpachika jina la mfalme wa Uganda asiye na taji, lililokuwa na utani na wivu ndani yake.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka mwaka wa 1914, biashara ya kuvuka kwenda upande wa Wajerumani ilikatika, na treni na meli zikachukuliwa na jeshi. Visram alitafuta masoko mapya magharibi. Alisafiri hadi Kongo, akiwa na umri wa miaka 65, akarudi na homa. Alifariki Mombasa tarehe 30 Juni 1916.

Mali yote iliangukia kwa mwanawe, Abdul Rasul. Aliikuta kampuni katika kilele chake na, bila kujua, ukingoni mwa shimo. Nguvu ya Visram ilikuwa daftari la madeni, na daftari hilo lilisomeka kwa mtu mmoja tu, aliyekuwa akijua ni wakala gani wa Masindi anayechelewa kwa sababu ya mvua na yupi anayechelewa kwa sababu ya ujanja. Elimu hiyo haikuandikwa popote.

Kisha ikaja misukosuko ambayo hata mzee mwenyewe pengine isingemwacha salama. Mwaka wa 1920 serikali ilikaza thamani ya rupia kuwa shilingi mbili za Kiingereza, ilhali kwa miaka mingi pauni moja ilikuwa sawa na rupia 15. Muuzaji wa pamba aliyelipwa pauni London sasa alipata rupia 10 tu, lakini madeni yake ya rupia hayakupungua. Mwaka huo huo na uliofuata bei ya pamba duniani ikaanguka. Mwaka wa 1921 rupia yenyewe ikaondolewa na shilingi ikashika nafasi yake. Mawakala walishindwa kulipa, na kampuni iliyowakopesha wote ikashindwa pamoja nao.

Abdul Rasul alifariki mwaka wa 1923, na katika miaka iliyofuata kampuni ilisambaratika. Maduka mengi hayakufungwa. Yalibadilisha vibao tu, kwa kuwa waliokuwa ndani yake tayari walikuwa wakijitegemea kwa kila hali isipokuwa mkopo.

Kabla ya kufa, mwana alikuwa ametoa fedha za kujenga shule kwa kumbukumbu ya baba yake. Shule ya Upili ya Allidina Visram, iliyofunguliwa mwaka wa 1923 kando ya bahari mjini Mombasa, imewasomesha Wakenya wa kila asili. Sanamu ya mfanyabiashara huyo ilisimamishwa mjini humo mwaka wa 1937.

Soko aliloliacha liligeuka tena. Kufikia katikati ya miaka ya 1920 Uganda ilikuwa na vinu vya pamba zaidi ya 150, vingi kuliko pamba iliyokuwepo. Kwa muda mfupi wenye vinu waligombania mkulima, wakawalipa madalali, wakapandisha bei hata wengine wakala hasara. Walipochoka, waliketi pamoja, wakaunda vyama vya kununua kwa bei moja na kugawana mazao. Tume ya mwaka wa 1929 ilichunguza zao hilo, na mwaka wa 1933 nchi ikagawanywa katika kanda, pamba ya kila kanda ikauzwa kwa vinu vya kanda hiyo. Haki ya kuchambua pamba yao wenyewe ilikuwa miongoni mwa madai ya wakulima wa Buganda walipofanya ghasia mwaka wa 1949.

Reli nayo ilihama. Kutoka Nakuru ilipandishwa hadi Eldoret mwaka wa 1924, ikavuka mpaka Malaba na kuingia Tororo, na mwanzoni mwa 1931 ikafika Kampala bila kugusa ziwa. Mizigo iliyokuwa ikipakiwa melini Kisumu ikaanza kupita Malaba, ambako Visram hakuwahi kuhitaji kuwa na ghala.